Picha Inaruka Karibu na Uwanja

4 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Na Mama mpe shikamoo yake mkononi, usimrushie kutoka mlangoni kama kawaida yako. Goti lake linaendeleaje? Shemeji bado anasahihisha madaftari mezani mnapokula? Sisi huku wazima. Wifi yako anakusalimu. Binti yako mkubwa ameng'oka meno mawili ya mbele na bado anatushinda wote kwa kusema.

Nimekuandikia kuhusu ile kompyuta uliyoniundia ya kufanyia mazoezi ya urubani. Nimeiweka stoo, nikafunga usukani na pedali kwenye meza ya zamani, nikatoa magunia. Nikiwa juu mambo ni safi. Nikianza kushuka, uwanja uko mbele yangu, picha inaruka. Nyumba zilikuwa mbali, mara ziko chini ya pua ya ndege. Nataka ilainike. Mwezi wa saba nina mtihani wa kuhamia ndege kubwa, na nataka kutua humo stoo mpaka mikono ikumbuke yenyewe.

Mambo mawili. La kwanza, usinipigie simu kwa hili. Simu yangu hapa nyumbani ni ya kila mtu, na sitaki wifi yako aanze maswali. Niandikie. Mama pia asijue. La pili, usikasirike: ile kadi ya picha uliyoiweka ndani ya kompyuta ni mpya kweli? Haikutolewa kwenye kompyuta ya mteja wako?

Mdogo wako

19 Februari

Tiara,

Marahaba. Mama nimempa salamu zako mkononi, akauliza kwa nini hukumpigia. Nikasema una kazi nyingi. Umeshanifanya niseme uongo na mwezi haujaisha. Goti linauma asubuhi na kupoa mchana. Shemeji yako hajambo, na ndiyo, jana daftari la mtoto wa watu limemwagikiwa mchuzi.

Umeniuliza kama kadi ni mpya. Mimi niliyekubeba mgongoni mpaka nguo zangu zote zikanuka mikojo yako, leo unataka kujua kama nimekupa mtumba! Ni mpya. Nililifungua boksi mwenyewe, na boksi ninalo.

Sasa sikiliza. Kompyuta inachora picha moja baada ya nyingine, haraka sana, na jicho linaona mwendo. Ukiwa juu haina kazi kubwa, mbingu ni mbingu. Ukishuka, majengo, miti, magari na vivuli vyote vinataka kuchorwa kwa wakati mmoja, na hapo ndipo inapoelemewa. Fungua mipangilio ya picha. Vivuli viweke chini kabisa. Mawingu yaweke kati. Maji yasiakisi kitu. Magari ya barabarani yaondoe yote, hujaenda kuendesha lori. Halafu funga idadi ya picha iwe thelathini kwa sekunde. Utaona kompyuta nyingine zinajisifu sitini, lakini sitini inayopanda na kushuka inachosha macho kuliko thelathini iliyotulia. Mwisho, washa namba inayoonyesha idadi hiyo kwenye kona ya skrini. Picha ikiruka, tazama namba inasoma ngapi, uniandikie.

Na mimi nina swali. Tangu lini mtu anayeshinda angani akakumbuka kununua stempu? Kutua kuna siri gani ambayo wifi hatakiwi kuijua? Machale yananicheza.

Dada yako mwenye kadi mpya

10 Machi

Dada,

Shikamoo. Tumepata mvua wiki nzima, safari mbili zimefutwa. Wifi yako ameanza kozi yake ya ushonaji na nyumba imejaa sindano. Nimekaa juu ya moja. Watoto wazima.

Nimefanya yote uliyosema. Vivuli, mawingu, maji, magari. Imependeza, haina mtetemo tena. Lakini inaruka. Nimeandika kwenye daftari kama tunavyoandika hitilafu za ndege kazini, kwa saa na dakika. Tarehe 1, saa tisa na dakika kumi na mbili mchana, kilomita nne kutoka uwanjani: imeruka. Tarehe 3, saa kumi kasoro tano, kilomita mbili: imeruka. Tarehe 7 mara mbili. Namba yako ilisoma thelathini kabla na thelathini baada. Basi namba ni ya uongo au kadi ina ugonjwa ambao hutaki kuniambia.

Katika karakana yenu, nani mwingine aliigusa mashine yangu? Yule fundi mwenzio anayekaa meza ya dirishani, mwenye tabia ya kuazima vifaa bila kuomba, alikuwepo siku ile unaniundia?

Kuhusu wifi yako, hakuna siri. Ana wasiwasi mwingi tu.

Mdogo wako

28 Machi

Tiara,

Marahaba. Mama ametolewa maji kwenye goti, alimtukana daktari kisha akamwombea heri. Shemeji yako amepewa darasa la watoto sabini na wawili.

Fundi wa dirishani hakugusa kitu chako. Ila kwa kuwa umemtaja vibaya, juzi nilimpekua droo akiwa chooni, nikakuta bisibisi zangu tatu. Kadi yako haikuwemo. Umenigeuza askari kanzu ofisini kwangu mwenyewe.

Fungua ubavu wa kompyuta, ipulize vumbi. Stoo ya magunia si mahali pa kuweka mashine. Punguza umbali ambao miti inachorwa. Angalia waya wa skrini umekaza. Lakini nakuambia ukweli wangu, sidhani kama ni hayo.

Nimesoma daftari lako mara tano. Miaka kumi na nne nimetengeneza kompyuta, na picha ikikwama huwa inasimama kwanza. Mtu anakuja karakana anasema, imeganda, halafu ikaendelea. Wewe hujaandika hata mara moja kwamba imesimama. Kila mara unaandika imeruka. Iliyokuwa mbali iko karibu, na katikati hakuna kitu. Kompyuta haina ugonjwa wa namna hiyo ninaoujua.

Ndani ya bahasha kuna flash. Ina programu ndogo niliyoitengeneza. Iache iwe imewashwa kila unaporuka. Kila sekunde itaandika idadi ya picha, usukani na pedali zimesogea kiasi gani, ndege iko wapi, na kengele ikilia. Kila safari itakuwa na faili lake. Zikifika sita nirudishie flash, pamoja na kurasa za daftari lako.

Dada yako

2 Mei

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Nimekuwa na ratiba ngumu, naruka mara nne kwa wiki. Watoto wamefunga shule.

Flash hiyo. Mafaili sita. Na kurasa za daftari.

Kazini wamenipa rubani msaidizi mpya, mtu wa maneno mengi. Wiki iliyopita alidai eti alinisemesha mara mbili tukiwa tunashuka nisimjibu. Injini mbili zinanguruma masikioni, anataka nimjibu nini? Watu kama hao wanatafuta kiti cha mwenzao. Namchunga.

Mdogo wako

14 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Nyumbani wote wazima, na leo sina habari nyingine ya kukupa.

Umeandika mafaili sita. Yalikuwa saba.

Wewe ni rubani, husahau, lakini umesahau kwamba mimi kazi yangu ni kurudisha vitu watu walivyovifuta. Ilinichukua nusu saa.

Nianze na sita uliyokubali niyaone. Nimeweka daftari lako upande huu na mafaili upande huu. Kila dakika uliyoandika imeruka, mashine ilikuwa inachora thelathini, thelathini, thelathini, bila kukosa hata picha moja. Na kila dakika hiyo, kwa sekunde tatu, nne, mara moja sita, usukani umetulia kabisa. Mkono wa mtu aliye macho hautulii hivyo. Hata ukijitahidi kushika kitu bila kutikisika, programu yangu inaona mtikisiko. Nimejaribu mwenyewe, nimemjaribisha shemeji yako, na fundi wa dirishani. Hakuna aliyeweza.

Faili la saba ni la tarehe 22 Aprili, saa kumi na dakika tano jioni. Uko kilomita moja na nusu kutoka uwanjani. Usukani unatulia sekunde kumi na tisa. Kengele ya kuonya kwamba uko chini mno inalia sekunde kumi na moja. Kisha ndege inagonga. Dakika hiyohiyo ulizima kompyuta, na siku nne baadaye ukalifuta faili.

Mashine yako ni nzima, Tiara. Picha haziruki. Ni wewe unayeondoka na kurudi, na ukirudi unakuta nyumba zimesogea.

Nimekumbuka ulivyokuwa mdogo unaacha kijiko hewani katikati ya chakula, macho wazi, sisi tunacheka, na Mama anasema mwacheni, anawaza. Nimekaa na kumbukumbu hiyo wiki nzima na naogopa. Naogopa sana. Usipande ndege. Nenda kwa daktari wa ubongo kesho, umwambie kila kitu, umpe na daftari. Ile ndege yako ina viti kumi na kimoja nyuma yako.

Dada yako

30 Mei

Dada,

Shikamoo.

Nilikupa kompyuta uitengeneze, sikukupa kichwa changu. Umechimba kitu nilichofuta, jambo ambalo mteja wako mwingine angekushtaki kwalo. Siku ile nilikuwa nimechoka, nilisinzia kwenye kiti stoo, joto la alasiri. Nikaona aibu, nikafuta. Ndiyo hivyo tu. Rubani anayesinzia kwenye kiti cha plastiki si rubani mgonjwa.

Na kwa kuwa tunaambiana ukweli, nami niseme wangu. Ulitaka urubani kabla yangu. Ulikwenda kupimwa, wakakuambia huoni tofauti ya nyekundu na kijani, ukarudi nyumbani, ukalala siku tatu ukiugeukia ukuta. Miaka miwili baadaye nikaenda mimi, nikapita. Hukuja kwenye mahafali yangu. Ulisema una kazi. Tangu siku ile, ndege ikipita juu yako unakunja uso. Nimekuona. Sasa nimebakiza mwezi mmoja nihamie ndege kubwa, na ghafla dada yangu amegundua nina ugonjwa. Nani hatajiuliza?

Usiniandikie tena kuhusu hili.

Mdogo wako

9 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama anatembea bila fimbo sasa. Anauliza habari zako kila siku, nami namjibu kila siku kwamba u mzima.

Ni kweli nilikuonea wivu. Siku ya mahafali yako sikuwa na kazi yoyote, nilikaa nyumbani nikapiga pasi nguo zilizokuwa zimeshapigwa. Hilo umelipatia. Basi ichukue hiyo, iweke mfukoni, na bado usukani ulitulia sekunde kumi na tisa. Wivu wangu hauwezi kuandika kwenye faili.

Kama ulisinzia, mbona umeandika daftari? Mtu anayesinzia hajui saa na dakika. Wewe unajua sekunde uliyorudi.

Nimeandika barua kwa mkuu wa marubani wa kampuni yenu. Nimeambatisha namba zote, na nakala za kurasa zako. Iko mezani kwangu, imefungwa. Nakupa mpaka Jumatatu tarehe 16 uende mwenyewe. Usipokwenda, asubuhi hiyo naipeleka posta. Utanichukia, na nimeshalia kwa ajili ya hilo, kwa hiyo usinitishe nalo.

Dada yako

1 Julai

Dada,

Shikamoo. Wifi yako sasa anajua yote na anakusalimu akilia. Watoto wameambiwa Baba atakuwa nyumbani kwa muda, wamefurahi. Mama usimwambie bado, nitakuja mwenyewe.

Nikueleze ilivyokuwa, kwa mpangilio.

Jumatatu tarehe 16 sikwenda popote. Nilisema moyoni, hawezi. Kisha nikasema, anaweza, huyu akisema anafanya. Barua ya haraka inachukua siku mbili, kwa hiyo kuanzia Jumatano nikawa nangoja kuitwa ofisini. Hakuna aliyeniita. Mkuu alinipita kwenye korido akaniambia habari za asubuhi, nikaona amezisema kwa sauti nyingine. Mlinzi wa geti alikitazama kitambulisho changu kwa muda mrefu. Rubani msaidizi alikuwa ameacha maneno mengi, na kila tukishuka anaweka mikono yake karibu na usukani wa upande wake. Nikajua wameshasoma. Nikaona wamepanga kunichunguza kimyakimya wapate la kunifukuzia. Nikasema, basi nitawaonyesha. Nikaendelea kuruka, makusudi, safari baada ya safari, nikitua kama mtu anayepigiwa picha.

Jumamosi tarehe 21 tulikuwa na abiria kumi na mmoja, viti vyote vimejaa. Hali ya hewa safi. Nakumbuka paa jekundu la ghala, lile ambalo tukilipita tunashusha magurudumu. Kitu kinachofuata ninachokumbuka ni magurudumu yako chini tayari, tunakimbia kwenye lami, na mikono ya rubani msaidizi iko kwenye usukani. Jasho linamtoka. Mikono yangu iko mapajani. Alinitazama, akasema, "Kaka, umerudi?" Hakuuliza kwa ubaya. Nyuma walikuwa wanafungua mikanda na kucheka.

Niliteremka nikaenda moja kwa moja kwa mkuu. Nikamwambia, sina haja ya kujitetea, najua dada yangu ameshakuandikia, alichokiandika ni kweli chote, niondoe.

Akanitazama. Akasema, "Dada yupi?"

Hakuwa na barua yoyote. Aliita karani, karani akafungua daftari la barua zinazoingia mbele yangu. Hakuna kitu. Habari za asubuhi zilikuwa habari za asubuhi tu, dada. Mlinzi alikitazama kitambulisho kwa sababu kilikuwa kinaisha muda. Rubani msaidizi hakuwa anatafuta kiti changu. Alikuwa ameshaniona nikiondoka mara mbili, na alikuwa hajui amwambie nani bila kuniharibia.

Daktari amenipima siku nne. Ni aina ya kifafa isiyomwangusha mtu. Mtu anazubaa, anaendelea, hajui. Vidonge vitanisaidia kuishi vizuri, ila kuruka basi. Leseni yangu niliiweka mezani kwa mkuu kwa mkono wangu.

Sasa nikuambie nilichokataa kukuambia tangu Februari. Mara ya kwanza haikuwa stoo. Ilikuwa Desemba, ndani ya ndege yenyewe, nikiwa na mizigo tu. Mto ulikuwa mbele, mara uko nyuma. Ndiyo sababu nilikuomba kompyuta. Nilitaka kujipima mahali ambapo hakuna atakayekufa, na ilipoanza kuruka humo stoo, nikatamani kwa roho yangu yote iwe ni mashine. Kila barua niliyokuuliza kuhusu kadi, nilikuwa namwomba Mungu uwe umenitapeli.

Naomba msamaha kwa maneno ya mahafali.

Lakini kitu kimoja sikielewi. Wewe hujawahi kusema kitu usikifanye. Barua iko wapi?

Mdogo wako

12 Julai

Tiara wangu,

Marahaba, mara kumi. Nimeisoma barua yako nimesimama kwenye kaunta ya karakana, wateja wakaniletea kiti. Wifi mwambie aache kulia. Mimi nitalia kwa niaba ya ukoo. Chumba cha nyuma nimekiandaa, njoo na watoto. Mama akikuona atajua kuna jambo, na utamwambia mwenyewe.

Barua sikuituma.

Jumatatu ile niliamka mapema, nikaenda posta, nikapanga foleni. Mbele yangu walikuwa watu wawili. Nilipofika dirishani, karani akanyoosha mkono, nikamwambia nimesahau stempu nyumbani. Stempu ilikuwa imebandikwa, aliiona. Jumatano nikaenda tena. Safari hii sikuingia hata ndani. Nilisema moyoni, labda ameshakwenda mwenyewe. Nikasema, labda kweli alisinzia. Nilianza kuyaona mafaili yangu kama ya kutilia shaka, mimi niliyeyatengeneza. Nikarudi karakana nikamtengenezea mtu kibodi.

Nilikuona akilini ukivuliwa zile nguo za kazi mbele ya watu kwa mkono wangu, na sikuweza. Ndiyo sababu yote. Nilikuandikia kwa ukali kuhusu viti kumi na kimoja nyuma yako, na ilipokuja zamu yangu nikawaacha wapande. Jumatatu mpaka Jumamosi. Nilijua kuliko wewe, kwa sababu wewe ulikuwa hujioni, mimi nilikuwa na namba.

Unasema nikusamehe kwa maneno ya mahafali. Hayo yameshapita. Lakini hili la kwangu sijui nimwombe nani.

Yule rubani msaidizi, nipe anuani yake. Na ukija, kaa na mimi uniambie walikuwa nani kwenye viti vile siku ya Jumamosi. Karatasi ya abiria uliisaini wewe, utakuwa unakumbuka. Nataka mmoja mmoja, nani alikaa wapi. Na kama kulikuwa na mtoto mle ndani, usinifiche.

Dada yako